Picha ya Juni

Saa mbili kasoro, Mbale, diski imefika asilimia tisini na saba,
na simu ya Daktari Magomu inaita kabla sijavua koti la mvua.
"Nimefuta," anasema. "Nimefuta jana kutwa,
folda nzima za majani ya kahawa yenye kutu.
Mbona bado imejaa?"

Namweleza tena, kama nilivyomweleza mwezi wa nne:
Daktari, hapa kufuta si kutupa.
Kila usiku wa manane seva hujipiga picha,
na kilichomo pichani hakiondoki
hata mwenyewe akikikana mchana.
Ni kama malewa ya mama yangu juu ya meko:
yamekaushwa kwa moshi, yananing'inia mwaka wa tatu,
hakuna anayeyala, hakuna anayethubutu kuyatupa,
na dari inazidi kuinama.

Nisizitukane lakini. Nabifo alikuja analia,
sura ya nne ya tasnifu imeyeyuka
kwa kidole kimoja na usingizi wa saa tisa;
nikamtolea ya Jumanne, nzima, pamoja na makosa yake ya tahajia.

Ila mgao ni mgao. Gigabaiti mia mbili kila mtu.
Wengine huomba kwa barua yenye muhuri.
Gidudu huficha tamthilia ndani ya folda aliyoiita "Udongo".
Najua. Udongo gani una vipindi kumi na viwili?

Saa nne mkurugenzi akasimama mlangoni, hakuingia.
"Anza na picha za Juni. Za zamani hizo, nani anazihitaji?"
Akaenda na chai yake.

Mimi hufungua kabla ya kufuta. Tabia tu,
kama mtu anayepapasa mifuko ya suruali kabla ya kuiloweka.
Ndani ya Juni nikakuta jedwali la mvua la Bunakhamwa,
kipimo alichokisoma Wamimbi kila asubuhi na kukituma kwa simu.
Tarehe kumi na moja: milimita tisini na nne.
Nikafungua jedwali la leo, hilo lililoingia kwenye ripoti.
Tarehe kumi na moja: arobaini na tisa.

Tarehe kumi na mbili mlima ulishuka.
Nyumba sita, na zizi, na choo cha shule.

Huenda kidole kiliteleza. Tisa na nne, nne na tisa,
hata mimi hukosea namba za simu.
Huenda.
Lakini jedwali la leo liliguswa tarehe ishirini, saa tano usiku,
na kwa tisini na nne mtu alipaswa kupiga king'ora,
na kwa arobaini na tisa hakuna aliyepaswa kufanya lolote.

Umeme ukakatika, jenereta ikakohoa, ukarudi.
Diski: tisini na nane.

Hapo nikakumbuka saraka moja isiyo na mgao wowote.
Yangu. Niliuondoa mwenyewe, mwaka wa kwanza kazini;
mganga hajigangi, nilijiambia.
Humo ilikuwa video ya imbalu ya mpwa wangu Kuloba,
siku nzima, kadodi tangu alfajiri, unga usoni,
na macho yake yasiyopepesa.
Niliiweka jana jioni, na usiku jenereta ilikosa mafuta,
picha haikupigwa. Ikifutwa, imefutwa.
Diski ya mpiga video imeshafunikwa na harusi ya watu wengine.

Niliitazama dakika mbili za mwisho. Nikaifuta.
Nikajiwekea mia mbili kama kila mtu.
Picha ya Juni nikaitia kufuli.

Saa nane mkurugenzi akapiga. "Umepata nafasi?"
Nimepata.
"Za Juni?"
Hapana, nikasema. Za kwangu.
Hakujibu. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni,
kikizunguka, kikizunguka,
na sukari lazima ilikuwa imeyeyuka zamani.